Fundo Katika Kidani cha Habo Ardo

Simu ya Nimo ilinikuta Taveta, nikiwa nimesimama juu ya ndoo nikijaribu kufunga pazia katika chumba nilichokuwa nimekikodi juma moja tu. Hicho kilikuwa chumba changu cha kumi na nne tangu niwe mtu mzima, na tayari nilikuwa nimeanza kuziona kasoro zake, jambo ambalo kwangu huwa dalili ya kuhama. Nimo hakusalimia. Alisema, "Mwende, Hoyo ametutoka Ijumaa," nami nikashuka kwenye ndoo nikaketi sakafuni. Hoyo ni mama kwao. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Kama unaweza, kuja. Kuna ile kidani yake. Uzi imeoza na hapa hakuna mtu anajua kutunga." Nimo amesoma kunizidi na ana kazi ya ofisini, lakini akiwa na huzuni Kiswahili chake hurudi kule kwa mama yake. Nikaliacha pazia likining'inia upande mmoja. Siku ya tatu nilikuwa Garissa.

Mtaa wa Iftin umeota maghorofa. Mahali palipokuwa na ua wa miti ya miiba sasa pana ukuta wa mawe na lango la chuma lililopakwa rangi ya buluu, na ule mwarobaini uliokuwa ukitupa kivuli mlangoni kwangu umebaki kisiki cha kufungia mbuzi. Lakini chumba cha Habo Ardo, mama yake Nimo, hakikuguswa. Nilivua viatu, nikainama kwa mazoea ya kukwepa boriti ya mlango, na harufu ikanipokea kabla ya watu: unsi, ule ubani wao wa sukari na manukato, mafuta ya simsim, na kitu kingine cha vumbi la joto ambacho sijawahi kukinusa katika mji mwingine wowote, na miji nimeiona. Ukuta wa mbao uliotenganisha chumba chake na changu bado ulikuwepo, haujafika darini, kama zamani. Nikasimama nikiutazama mpaka Nimo akanishika mkono akaniketisha.

Nilifika hapo mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, nina sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne. Kwa nini niliondoka kwetu Mwingi si habari ya sura hii. Nilipata kazi ya kufundisha watoto wadogo kuimba alfabeti kila asubuhi, na mke wa mlinzi wa shule ndiye aliyenielekeza kwa mwanamke aliyekuwa na chumba cha nyuma. Watu wa mtaa walimwita Mama Nimo, kwa jina la binti yake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mimi aliniambia nimwite Habo, yaani mama mdogo, kwa sababu, alisema, msichana aliyekaa peke yake bila shangazi wala mama mdogo ni kama mbuzi asiye na alama: yeyote atasema ni wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkavu wa sauti. Kazi yake ilikuwa kutunga vidani vya wanawake.

Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, mara nyingi p ikiwa b na v ikiwa f. Nimejaribu kuyasahihisha na nikaona nimemwandika mtu mwingine.

Mchana wote wanawake waliingia kwake na mafundo ya leso, na ndani ya leso mlikuwa na kaharabu za rangi ya asali, kubwa kama mayai ya njiwa, shanga nyekundu, vipande vya fedha vyenye vijisanduku vya kuwekea aya. Mimi nikirudi shuleni saa nane, nililala chali juu ya mkeka upande wangu wa mbao nikasikia kila kitu. Kisomali sikukijua mwanzoni, lakini wengine walikuja na majirani wa bara, wake wa polisi na wauguzi, basi Kiswahili kilichanganywa humo kama maziwa kwenye chai. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kaharabu ya kweli ukiisugua kwenye nguo huvuta unyoya, na ya bandia haivuti hata usugue hadi magharibi. Nilijifunza pia kwamba Habo aliweza kumjua mtu kwa kilicho shingoni kabla hajataja jina. "Huyu anatoka njia ya Griftu," angesema mwanamke akishaondoka. "Fedha yake ni ya kule. Na ameuza kaharabu mbili mwaka huu. Katikati babo wazi, amejaza na blastiki." Siku moja wasichana watatu walibishana mbele yake kuhusu bibi harusi, kwamba kaharabu ni mambo ya wazee, siku hizi ni dhahabu tu. Aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Dhahabu inasema uko na bwana tajiri. Sawa. Kaharabu inasema uko na mama." Mmoja akajibu upesi, "Habo, mama yangu hajui kulipa kodi ya nyumba," na chumba kizima kikacheka, na mimi upande wa pili nikacheka, nikajisahau. Kisha sauti ya Habo: "Ukuta imecheka. Kuja, wewe ukuta, kunywa chai."

Hivyo ndivyo nilivyoingia upande wa pili. Nilikwenda na kiondo nilichokuwa nikikisuka, kwa sababu mikono yangu haijawahi kujua kukaa bure, na Habo akakichukua akapitisha vidole kwenye mistari yake, polepole, kama anayetafuta kitu. Akaniuliza kama ningeweza kumsaidia kutunga saa za alasiri. "Fidole yako inaona," akasema. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwa nini alilisema hilo. Macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Jicho la kulia lilikuwa tayari kama limewekewa tone la maziwa, na la kushoto lilifuata nyuma. Wateja hawakujua. Mtu akileta kidani, alisema, "Sogea, leta nibime," akapima kwa vidole na kwa mdomo, akigusisha kaharabu kwenye midomo kuhisi kama ina baridi ya kioo. Ni nani angempa mtunga shanga kipofu mali ya bibi yake?

Kanuni yake ilikuwa moja. Usikate uzi kabla hujazipanga. Unatandika kitambaa kibichi, kilicholoweshwa maji, unalaza kidani kizima juu yake kama kilivyo, ndipo unakata, na kila punje inabaki pale ilipokuwa. Kisha unatunga kwa uzi mpya, ileile kwa ileile. "Ukikata kabla ya kubanga," alisema, "umeua mtu." Nilidhani ni maneno ya kutisha wanafunzi. Nilipanga, nikakata, nikatunga. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nikitunga mwenyewe, naye akikaa kando akiniambia habari za mwenye kidani.

Kisha Mzee Gedi, mumewe, akafariki Griftu. Alikuwa amekwenda mnadani kununua ng'ombe, akaketi chini ya gari kupumzika na hakuinuka. Walimzika kulekule siku ileile, na habari ikaletwa na dereva wa lori aliyesimama langoni akiwa na kofia mkononi, akishindwa kuingia na kushindwa kuondoka. Tulikuwa tunakula. Nakumbuka wali ulikuwa na zabibu, na Nimo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa amejaza mdomo. Habo hakulia mbele ya yule dereva. Alimuuliza kama amekula. Dereva alipoondoka, Habo aliinua mikono yake nyuma ya shingo, akafungua kidani chake mwenyewe, kile ambacho sikuwahi kumwona hajakivaa, akaja akakiweka katika kiganja changu na kunifunga vidole kimoja kimoja. Mjane kwao, kama ilivyo kwa Waislamu wote, hukaa eda miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila pambo lolote. "Niwekee," akasema. "Nikimpa Nimo ataivaa alie. Wewe niwekee."

Miezi ile minne ndiyo ninayoiita mwaka wangu, ingawa nilikaa pale miezi kumi na mitatu. Habo alikaa ndani akiwa na nguo nyeupe, hakutoka. Kazi haikusimama: wateja waliingia chumbani kwangu, mimi nikapanga na kutunga, na yeye kutoka ng'ambo ya mbao alikuwa akisema, "Huyo ni sauti ya Kaltuma wa Balambala? Mwambie fedha yake inaanzia kulia," na Kaltuma akacheka akasema ukuta huu umesoma. Asubuhi tulikula anjera, ile mikate yao myembamba ya chachu, kwa chai, tatu kila mmoja, zimepakwa simsim na sukari. Jioni nilikaa karibu naye nikamweleza yaliyokuwa uani, kwa kuwa alitaka kujua kila kitu. Nani amepita. Mbuzi wa jirani amezaa wangapi. Nilidhani ananiuliza kwa sababu haruhusiwi kutoka. Siku moja nikamwambia anga limekuwa jekundu kote, naye akageuza uso kuelekea ukutani, mahali ambapo hapakuwa na dirisha, akasema, "Eh, naona." Hapo nikajua kwamba lile jicho la kushoto nalo limekwisha.

Sikumwambia mtu. Lakini nilitaka kumfanyia jambo, na jambo nililochagua ndilo kosa kubwa nililowahi kufanya kwa mapenzi. Zikiwa zimebaki siku tano eda iishe, nilikitoa kidani chake katika sanduku langu la bati. Sikuwa nimekitazama vizuri kabla ya hapo. Uzi ulikuwa mweusi kwa jasho la miaka. Nikatandika kitambaa kibichi, nikakilaza, nikaona aibu kwa niaba yake. Hakikuwa na mpango wowote. Kaharabu kubwa yenye ufa ilikuwa imekaa karibu na ushanga mwekundu wa plastiki, wa aina ya kuuzwa kwa rundo sokoni. Kaharabu ndogo ilikuwa upande mmoja bila mwenzake. Na kabla ya ile yenye ufa, karibu kabisa na kijisanduku cha fedha cha katikati, palikuwa na kiduara cheupe, chembamba, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, chenye tundu katikati. Kama kipande cha ganda la yai. Nikawaza: masikini, amekitunga mwenyewe macho yakiwa yameshaanza kuharibika, na hakuna aliyemwambia. Basi nikamsahihishia. Nikaosha kaharabu kwa maji na kuzisugua kwa mafuta hadi zikawaka. Nikazipanga kwa ukubwa, kubwa katikati, ndogo zikipanda kila upande hadi shingoni, kama nilivyoona katika picha. Ule wa plastiki nikaubakiza kwa kuuficha nyuma. Kile kiduara nikakifagia pamoja na nyuzi za zamani.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa. Habo alioga, akavaa dera la rangi ya machungwa, Nimo akawasha unsi hadi tukakohoa. Kisha akaninyooshea mkono, na mimi nikamvisha kidani mwenyewe, nikakifunga nyuma ya shingo, moyo ukinipiga kama wa mtoto aliyeleta nyumbani ripoti nzuri. Vidole vyake vikapanda. Viligusa fedha ya katikati, vikaenda kulia, vikasimama. Vikarudi kwenye fedha. Vikaenda kulia tena. Mama Sahara, jirani yetu wa mbele aliyekuwa na ulimi kuliko wote, akapiga makofi. "Angalia, ameng'aa kama bibi harusi. Mama Nimo, funga mlango leo, wachumba watabanga laini hadi mtoni." Wanawake wakacheka. Habo naye akacheka. Akasema, "Mwende ameitengeneza. Mikono yake ni ya baraka." Na kwa saa tatu nzima, akinywa chai, akipokea dua, vidole vyake havikugusa kidani tena hata mara moja. Nililiona hilo na sikulielewa.

Alasiri, walipoondoka wote na Nimo akawa uani akiosha vikombe, aliniita. "Keti hapa." Nikaketi. Alikuwa amekivua, kiko mapajani mwake. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hadi leo ningependa ingekuwa. "Mimi nafanya hifi kila jioni," akasema. "Naanza hapa kwa fedha. Fedha ni baba yao. Halafu naenda. Hii yenye ufa ni Nimo, siku amezaliwa mvua ilifunja nyumba. Hii nyekundu ni Ahmed, mwaka ile hatukuwa na kitu, hata hii Mama yangu alikoba. Halafu Yusuf. Halafu hii ndogo, Sahro. Macho imeenda, sawa, ni ya Mungu. Nikasema sina shida, watoto wangu nawaona hapa." Akainua kidani nilichokipendezesha. "Leo natafuta Nimo, nababasa mtu simjui."

Nilisema nitakirudisha, leo hii, nitakirudisha chote. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Na ile nyeube? Kidogo, kabla ya Nimo?"

Nikamwambia nimeitupa.

Alishika ukingo wa mkeka, akaushika tu. Uani vikombe viligongana. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, akitega sikio upande wa Nimo. Kabla ya Nimo palikuwa na mtoto. Waliishi karibu na Balambala wakati huo, na ng'ombe wao, na yeye alikuwa na umri wangu. Mtoto aliishi siku nne. Jina hutolewa siku ya saba, kwa hiyo alikwenda bila jina. Mama yake Habo akatoka akaenda kwenye laga, mkondo ule mkavu ambao mvua ikiukata huacha vitu vya zamani juu ya mchanga, akarudi na kile kiduara. Ni ganda la yai la mbuni, lililokatwa na kutobolewa na watu waliokaa nchi ile kabla ya yeyote tunayemjua. Walivaa shingoni, labda kuonyesha ni mke wa nani, ni binti wa nani. Hakuna anayejua tena. "Mama akasema, mtoto hana jina, na hii haina mwenyewe. Wataishi bamoja." Akalaza kidole juu ya fedha. "Mtaa yote inaniita Mama Nimo. Ni sawa. Lakini hii moja ilikuwa inajua." Kisha akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikumjua nayo. "Nimo asijue. Yeye ni wa kwanza. Amelelewa wa kwanza. Mwache." Nikamwahidi.

Takataka zetu zilitupwa katika shimo nyuma ya choo, pamoja na majivu. Kesho yake niliazima chekeche la unga nikaketi kando ya shimo lile na ndoo, nikachekecha. Jua la Garissa halina haja ya kusifiwa. Nilichekecha majivu, mifupa ya samaki, nywele, vifuniko vya chupa, majani ya chai. Siku ya pili Nimo akaja akasimama na kivuli chake juu yangu. "Unatafuta nini?" Nikamwambia sindano yangu nzuri. "Sindano," akasema. "Mtu wa ngamia akipoteza ngamia anatafuta siku mbili, siku ya tatu anamwachia fisi. Wewe sindano?" Lakini alikwenda akaleta ungo, akachuchumaa mkabala nami, akapepeta hadi adhuhuri, akinitania kwamba watu wa Mwingi tuko tayari kula vumbi bora lisipotee bure. Siku ya tatu, peke yangu, nilikiona. Kilikuwa kimekanyagwa. Nilipata nusu, mwezi mchanga mweupe wenye nusu ya tundu. Ile nusu nyingine niliitafuta hadi vidole vikatoka damu na sikuipata.

Nilimpelekea ile nusu kiganjani, nikaanza kuomba msamaha, akanizuia. Aliigusa pande zote. Aliiweka kwenye mdomo. "Nusu inatosha," akasema. "Na yeye hakukaa sana." Shida ilikuwa kwamba nusu tundu haishiki uzi. Tulijaribu nta, tukajaribu utomvu. Mwishowe nikafanya lile ninalolijua kutoka kwetu. Katika kiondo kuna fundo la kuanzia, lile ambalo bibi yangu alilifunga chini kabisa, kitakoni, ambalo nyuzi zote hupita na ambalo likifunguka kiondo chote kinaisha. Nikalifunga lile, nyuzi zikiizunguka ile nusu ganda pande zote mpaka ikafichika ndani kama mbegu. Kisha nikapanga upya: fedha, fundo, yenye ufa, nyekundu, na kuendelea, yeye akiniongoza, kila moja akiitaja jina kabla sijaichukua. Nilipomvisha, vidole vyake vikatoka kwenye fedha, vikafika kwenye fundo, vikakaa hapo kidogo, vikaendelea kwa Nimo. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi.

Niliondoka Garissa miezi michache baadaye. Hakuna aliyenifukuza. Kulikuwa na mtu Moyale aliyeahidi kazi, na barabara imekuwa mbele yangu tangu hapo: nimepikia watengeneza barabara Lodwar, nimeuza mitumba Voi, nimefungua kibanda Isiolo na kukifunga. Nilirudi kumwona Habo mara tatu tu katika miaka ishirini na saba. Kila mara aliniambia nisogee, na badala ya kunisalimia alichukua mkono wangu akauweka kwenye kidani, juu ya fundo, kuniuliza kama bado linashika. Linashika, Habo. Nilimwambia hivyo mara tatu, kisha nikaondoka mara tatu.

Sasa kidani kilikuwa mbele yetu juu ya kitambaa kibichi. Nimo ana miaka arobaini na minne, mvi zinachungulia chini ya mtandio. Sahro, mdogo wao, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka sita anayelala akishika sikio langu, amekuwa mwanamke wa Nairobi mwenye kucha ndefu na mkasi mdogo kwenye mkoba. Ndugu zao wa kiume walikuwa nje na wageni wa tanzia. Kila mtu alikuwa ameshakubali kwamba kidani ni cha Nimo, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kukitunga tu.

"Mimi naona tukisafishe kabisa," Sahro alisema. "Cheki hii. Huyu ni Nimo, huyu Ahmed, Yusuf, mimi. Sisi wanne tumetimia. Sasa hii uchafu ya uzi hapa ni ya nini? Itolewe, tuweke kadhahabu kadogo, iwe poa." Akaushika mkasi. Alikuwa ameshaingiza ncha chini ya fundo langu.

"Ngoja," nikasema.

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa na ahadi mdomoni iliyokaa humo miaka ishirini na saba, na mtu niliyemwahidi alikuwa amezikwa Ijumaa. Nikiivunja, Nimo hatakuwa tena yule aliyelelewa kuwa. Nikiitunza, mkasi utalikata fundo. Nikasema jambo la kwanza lililonijia, kwamba hilo ni fundo la kufungia, likikatwa kidani hakitakaa sawa. Halikuwa kweli kamili, na sauti yangu ilisema hivyo.

Nimo aliinua mkono akautoa mkasi katika vidole vya mdogo wake, taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. "Sahro, tuletee chai," akasema. "Weka hiliki." Sahro akaguna kwamba kila siku yeye ndiye wa chai, akaenda.

Tulipobaki wawili, Nimo alifumba macho. Akaweka vidole kwenye fedha, akaenda kulia, akafika kwenye fundo, akakaa hapo. "Nilikuwa nalala karibu na Hoyo hadi nilipoolewa," alisema. "Kila jioni anahesabu na midomo. Mimi nahesabu na yeye. Watoto ni wanne, lakini baada ya fedha midomo inaenda mara tano." Akafungua macho. "Na sindano yako nilijua si sindano. Sindano huwa haililiwi machozi."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Alitaka niwe wa kwanza. Nilikuwa nampa." Akasogeza kitambaa karibu nami. "Sasa ameenda. Niambie."

Nikamwambia. Laga, siku nne, bibi yake, watu wa zamani wasio na jina, chekeche. Nilikata uzi wa fundo mwenyewe, mzingo kwa mzingo, hadi ile nusu ikaangukia kitambaani, nyeupe kama siku nilipoificha. Nimo akaiinua kwa ncha ya kidole kilicholowa.

"Alikuwa msichana, ama kijana?"

Nilifungua mdomo. Nilipitia yote, mkeka, sauti ya chini, vikombe vikigongana, mkono ulionikamata. Mtoto, alisema Habo. Siku zote alisema mtoto. "Sijui," nikasema. "Hakuniambia. Nami sikumuuliza." Nimo akakubali kwa kichwa, machozi yakimtiririka bila sauti, na sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa uzi. Basi nikamwonyesha fundo. La kwanza likafunguka. La pili likabana upande mmoja na ganda likachomoza. La tatu akalifunga akiwa amefumba macho, akalivuta kwa meno, akalipitisha baina ya dole gumba na kidole, akalivuta tena.

Nilidhani angeificha siri hiyo, kama mama yake. Lakini aligeuza uso kuelekea mlangoni, kule harufu ya hiliki ilikokuwa ikitoka, akaita.

"Sahro. Wacha chai. Kuja uhesabu tena."